Mke Wangu Alipobaki na Nyimbo

Nilichoshuhudia ni hiki: tangu apatwe na kiharusi, mke wangu hajaweza kuniomba hata maji ya kunywa, lakini huimba. Huimba nyimbo za kanisani ubeti baada ya ubeti, maneno yakiwa kamili, kisha akimaliza hubaki akifungua na kufumba mdomo kama mtu aliyepotelewa na kitu. Nilichosikia ni kwamba amekubali kuhamia Lugari. Habari hiyo niliipata kwa mwanangu, nami nilikuwa mkalimani wa mahakama kwa muda mrefu mno hata siwezi kupokea neno bila kuuliza lilitoka kinywani mwa nani.

Mwanangu analima mahindi huko Lugari. Alikuja Jumamosi asubuhi na pikapu, godoro likiwa limekwisha kutandikwa nyuma.

"Amekubali, Baba. Nilimuuliza kama twende, akajibu."

"Alijibuje?"

"Aliimba. Ule wimbo wa safari ya kwenda nyumbani."

"Jana aliuimba huohuo akimtazama kuku."

"Mzee, hapa si kortini. Ni nani atakayempikia? Wewe hata chai unaiunguza!"

Kuhusu chai sikuwa na utetezi. Nikamwita mjukuu wetu, binti wa chuo kikuu anayeishi nasi na ambaye kila alfajiri huenda msituni kurekodi ndege. Nilimuuliza kama mtu anayeimba maneno huwa ameyasema.

Alifungua kinasa sauti chake, akatusikilizisha kurumbiza, ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa ambaye huiba nyimbo za ndege wengine. Alieleza kwamba kinda hujifunza kuimba kwa kuwasikiliza wakubwa, akianza kwa kubwabwaja kama mtoto mchanga, na ndiyo maana wataalamu wa lugha humfuatilia. Wimbo wake una mpangilio, lakini hakuna aliyeupata ujumbe ndani yake kama tunavyoupata katika sentensi. Mlio mfupi ni jambo jingine: mwewe akipita, ndege hulia mara moja, na wenzake hujificha.

"Kwa hiyo kukhu, bibi yako, anaimba kama huyo ndege?"

"Sijasema hivyo, kuka!" akasema, akiniita babu kwa lugha yetu. "Wako watu wanaopoteza usemi wakabaki na nyimbo, hilo tumefundishwa. Ila kama kukhu anayamaanisha anayoyaimba, sijui."

"Nani anajua?"

"Kwa kukhu? Sidhani yupo anayejua."

Jibu hilo lilinivuruga kuliko ugonjwa wenyewe. Maisha yangu yote niliamini kwamba kila neno lina mwenyewe. Hata hivyo, katika ndoa yetu, kila nilipohubiri kupita kiasi, mke wangu alianza wimbo jikoni, nami nilielewa kabisa kwamba ameniambia ninyamaze. Je, huo haukuwa usemi? Na kama ulikuwa usemi, basi huenda mwanangu ndiye aliyesikia vizuri.

Niliamua aulizwe upya mbele yetu sote, na mtu yeyote asimwanzishie wimbo. Nikamuuliza kwa lugha yetu kama anataka kwenda na mwanawe. Aliitazama pikapu, akaimba wimbo uleule.

"Mnaona! Amekubali!" mwanangu akapiga paja.

Nikauliza kama anataka kubaki. Akaendelea kuimba pale alipoishia. Mjukuu alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Twende tu, Mama, ukaone mahindi," mwanangu akasema kwa upole, akamshika kwapani na kumwinua. Alitembea naye, mke wangu akiimba, hadi kwenye ngazi za baraza. Hapo wimbo ukakatika katikati ya mstari. Akatoa sauti moja fupi, kavu, ambayo haikuwa neno wala wimbo wowote niujuao, akaketi. Mwanangu alipomvuta tena, sauti ileile ikamtoka.

"Mguu unamuuma," mwanangu alisema, akaniangalia kama anayengoja nimtafsirie.

Sikuweza. Kama ulikuwa mguu, sijui. Kama alikuwa anakataa, siwezi kuapa. Mwanangu akamwachia, akapanda pikapu na kuondoka peke yake. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye ngazi, na mkono wake uliosalia na nguvu ulikuwa umeshika upindo wa koti langu.