Sahani ya Jawuoth

Jua likikaribia kuzama, vumbi la njia ya Nyambureti hugeuka rangi ya asali, na hapo Adero huwaona wasafiri wa zamani. Wanapita mmoja nyuma ya mwingine, vyungu kichwani, wengine wametoka kwao Tarime, wengine ng'ambo Kenya, na miguu yao haisikiki kabisa. Halafu pikipiki inapiga kelele, naye akipepesa macho anakuta njia tupu. Pikipiki zimeharibu mengi.

Bibi yake aliwaita jowuoth; mmoja ni jawuoth. Wuoth, kwa Kijaluo, ni mwendo. Jawuoth basi ni mtu wa mwendo, ambaye kwa siku hiyo hana ukoo wala kabila, ana miguu tu. Ndiyo maana, bibi alisema, haulizwi jina wala atokako mpaka ale. Chakula huwekwa kwenye kigoda mlangoni, ajichukulie mwenyewe. Kumbembeleza ni kumtangazia njaa yake.

Adero, mjane aliyeletwa huku na ndoa, hajawahi kuacha kuweka sahani hiyo. Na tangu mwalimu Raphael, kijana wa Njombe, apange chumba kwake, sahani ni ya Raphael, maana alifika kwa miguu, begi mgongoni. Lakini mwalimu ana adabu ya kupindukia. Husema "shikamoo, mama", huipita sahani ya watu, huingia ndani kuwasha jiko lake la mafuta. Adero anatamani kumuuliza habari za kwao hadi ulimi unamwasha, ila anajizuia. Miezi ikapita hivyo, wanaheshimiana mpaka basi.

Jioni moja Raphael alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, kesho naenda Mugumu kuomba uhamisho. Nimeona nikuage mapema."

Moyo wa Adero ulishtuka. Mtoto wa watu angeondoka bila kuulizwa lolote, utadhani alilala nje ya uzio miezi yote hiyo. Akavunja mwiko wa bibi yake.

"Hiyo sahani ni yako, mwalimu. Tangu siku uliyofika."

"Nilidhani kuna mtu unamsubiri."

"Ni wewe. Kula."

Akaketi, akala ugali na dagaa taratibu, akamaliza. Adero alikuwa na furaha isiyofichika.

"Haya. Sasa niambie, nyumbani umemwacha nani?"

Raphael akaitazama njia. "Sikumwacha mtu. Nilimzika mama, wiki iliyofuata nikaja huku. Nikaona hakuna anayeuliza, nikanyamaza."

Adero aliona aibu, kisha uchungu. Akasimama, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti kilio cha msiba cha kwao, akimlilia mwanamke asiyemjua hata jina. Kilio kikavuka mashamba ya mihogo. Jirani yake Mokami akaja mbio, nyuma yake mumewe Wangwe na wengine, wamebeba viti.

"Nani amefariki?" Mokami akauliza.

"Mama yake mwalimu," Adero akajibu.

Hawakuuliza lini. Walipanga viti uani, wakamzunguka Raphael, wakaketi.