Pikapu ya Mteremkoni

Jumamosi ya pili ya Agosti 1996 nilikuwa nikipiga pasi suti ya kaka yangu nyumbani kwetu Uriri. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka mahari Oyugis, kwa wazazi wa mchumba wake. Jumatatu yake, mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja kuichukua pikapu ya Baba. Kaka ndiye aliyepanga yote mawili. Alikuwa amefika kutoka Nairobi na gari la mtumba la Japani, la gia za otomatiki.

"Baba, hiyo pikapu kila wiki iko kwa makanika," alisema. "Hili langu halijui hata spana inafananaje."

Baba alikunywa uji wake. Pikapu ilikuwa rika langu. Aliiegesha mteremkoni, kwa kuwa betri yake ilikuwa imehamia sebuleni kuendesha televisheni. Ili iwake, ilisukumwa.

Gari jipya lilikuwa na redio nzuri. Shangazi zetu walijipakia humo tangu alfajiri, wakisikiliza matangazo ya vifo kwa matumaini ya kusikia jina wanalolijua. Walipolisikia, wakaendelea, huenda kukawa na jingine.

Saa tatu kaka alizungusha ufunguo. Kimya.

"Sukumeni!"

Ukoo mzima, na viatu vyake vya kanisani, ukasukuma. Gari likateleza kwa adabu hadi barabarani, bila neno. Hakuna aliyejua, hata mwenyewe, kwamba otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa.

"Baba, ile betri ya televisheni..."

"Jana tulitazama taarifa ya habari hadi mwisho," Baba alijibu kwa huruma nyingi. "Imechoka."

Kisha akaachia breki. Pikapu ikateremka, ikakohoa, ikanguruma. Kaka alipanda nyuma, kando ya mbuzi wa mahari, akiwa na suti niliyoinyoosha.

"Mwanangu, mshike mbuzi," shangazi mkubwa alimwambia, "asije akashukia njiani, Rongo."

Tulifika kabla ya chakula kupoa.

Magari niliyomiliki tangu hapo hukaa miaka bila kuguswa, kisha siku moja hudai kompyuta ya fundi. Pikapu ile iliharibika kila wiki, na kila wiki ilipona.

Wiki tatu baada ya safari ya Oyugis nilimwandikia kaka, aliyekuwa amerudi Nairobi:

"Kaka mpendwa, sote hatujambo. Mnunuzi wa vyuma alikuja. Baba alimpa chai, akamwuliza kama hununua pia magari ya Japani. Akaondoka mikono mitupu. Pikapu ilivunjika ekseli juzi. Makanika anasema ni kazi ya saa moja, kwa hivyo tunamtarajia wiki ijayo. Shangazi wanauliza redio itarudi lini."