Ekseli ya Papa Élodie

Kuna watu wakikosewa hulia, wengine huhama mtaa. Mwanakombo alikosewa akanyamaza, akaendelea kufungua gereji yake pale Ganshoren, Brussels, kila asubuhi, ovaroli ya bluu, mtandio umekazwa, majirani wanasalimiwa kwa adabu. Wakamwona mpole. Mpole wapi! Mama yule alikuwa na donge kooni, na kila alipolimeza lilirudi palepale.

Ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambako gari likikata roho popote mjini ndiko hupelekwa likafufuliwe kando ya barabara. Baba yake alikuwa fundi wa usukani, na binti alikulia chini ya magari akimpokeza spana. Vita vikamtoa. Brussels ikampokea kwa ndoo na ufagio: alisafisha ofisi kwenye minara iliyo kando ya stesheni ya Gare du Nord, akaogesha wazee wa mtaa wa Koekelberg, mpaka alipopata kibanda chake mwenyewe na kurudi kwenye chuma.

Jérôme, mtu wa Uvira, Kongo, aliingia maishani mwake kwa sababu ya gari. Watu humwita papa Élodie, kwa jina la binti yake wa pekee. Bwana wa kujipenda huyo: suti imenyooka, viatu vinang'aa, manukato yanatangulia mlangoni. Alikuwa mgonjwa wa hotrodi, yale magari ya zamani ya Kimarekani yaliyovuliwa paa na madigadi, yakabaki injini, viti viwili na mbwembwe. Alimletea Mwanakombo Ford yake ya kwanza ikiwa mifupa mitupu. Mwanakombo ndiye aliyeijenga mbele yote: ekseli moja nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu, springi moja iliyolala juu yake kwa upana, na fito za kuishika kutoka nyuma isihame. Jérôme alishika tochi. Alishika vizuri, tusimnyime haki yake, lakini alishika tochi.

Ikaja siku ya maonyesho, kwenye ukumbi mmoja karibu na Gare du Nord. Watu walilizunguka lile gari, wakapiga magoti kuitazama ekseli, wakauliza ni kazi ya nani. Papa Élodie akajipiga kifua. Mmoja akamnyooshea kidole Mwanakombo aliyesimama pembeni, akauliza, na huyu je? Jérôme akacheka. "Huyu maman anatupikiaka chai," alisema.

Wakacheka naye. Mwanakombo alichukua mkoba wake akatoka, na tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani: yule bwana aseme ukweli, kwa mdomo wake, mbele za watu. Akiosha vyombo alilipanga hilo. Akiwa kwenye tramu alilipanga. Wenzake walimwambia amwachie Mungu, naye akajibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, hii ndogo ataifanya mwenyewe.

Mwaka jana, majira ya kuchipua, papa Élodie alirudi. Ndiyo, alirudi, tena kwa hiari yake, gari lake likivuta trela lenye Ford nyingine. Ile ya kwanza alikuwa ameshaiuza. Hii aliijenga mwenyewe kwa ajili ya kumpeleka binti yake kanisani siku ya harusi, na ilikuwa na ugonjwa: ikikolea mwendo tu, magurudumu ya mbele yanatikisika kushoto kulia mpaka usukani unataka kukuruka mikononi.

"Dada, mutoto anaolewa samedi, hii Jumamosi," alisema, macho chini. "Gari inatetemeka sana. Bafundi bote bameshindwa. Bon, nisaidie tu."

Mwanakombo alimwangalia kuanzia viatu hadi nywele. Alionja utamu wa jambo lile, wala hakuona haya. Kisha akalizunguka gari, na kabla hajalimaliza akawa ameshaujua ugonjwa. Papa Élodie alikuwa amelivalisha gari kama anavyojivalisha mwenyewe. Nyuma aliweka matairi makubwa, mbele akashusha springi, gari likainamisha pua kwa maringo. Lakini gari likiinama mbele, ekseli nayo inazungushwa, inasimama wima. Tazama uma wa baiskeli: umelala kidogo, kichwa nyuma, ndiyo maana unaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda zake moja kwa moja. Hebu usimamishe wima uone utakavyotikisika. Mapozi yalikuwa yamemla mwenyewe.

Hapo shetani alikaa naye kidogo. Kuna kishokamzoba hufungwa kwenye usukani, nacho huficha mtetemo. Angekifunga, gari lingetulia mitaani, Jérôme angemshukuru, halafu siku moja kwenye barabara kubwa lingetetemeka upya likamwonyesha cha mtema kuni. Hakuna ambaye angejua. Mwanakombo aliliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukiri. Lakini kiti cha pili kilikuwa cha Élodie, binti ambaye hajamkosea mtu, na zaidi ya hapo kifo kingemfunga Jérôme mdomo, na mdomo ule ndio aliokuwa akiutaka.

"Nitaitengeneza," alisema mwisho. "Lakini kwetu Buyenzi, safari ya kwanza yenye abiria ni ya fundi. Unaijua hiyo."

Aliijua. Alipokimbia Uvira aliishi Buyenzi, na aliwaona mafundi wa usukani wakifanya hivyo: wewe uliyetengeneza ndiye unayeendesha kwanza watu wakipanda, ili roho yako iwemo katika kazi yako. Jérôme aliitikia kwa kichwa haraka haraka, bon, hakuna tatizo, dada, hakuna tatizo. Maskini, raha ya kusaidiwa ilimzuia kuvitazama viti. Viti ni viwili. Kimoja cha dereva, kimoja cha bibi harusi.

Kazi aliifanya kwa heshima zote, maana hasira zake hazikuwa na ugomvi na chuma. Alilisimamisha gari juu ya magurudumu yake, si juu ya jeki, akajaza tangi, akaweka mifuko ya mchanga vitini kwa uzito wa watu, kwa sababu springi tupu husema uongo. Akalegeza boliti, akazifupisha fito za juu, kushoto sawa na kulia, mpaka kichwa cha ekseli kikalala nyuma kama inavyotakiwa. Akatazama pingu, zile zinazoishika springi kwenye ekseli, zisibane. Mwisho akayafanya matairi yakaribiane kidogo sana kwa mbele. Akalijaribu peke yake, akaachia usukani kwenye barabara iliyonyooka, nalo likaenda kama limeambiwa. Aliporudi alikuwa akiimba.

Jumamosi akalipeleka mlangoni kwa papa Élodie, Koekelberg. Alivaa gauni lake la Idi na mtandio wa hariri. Jérôme alitoka na suti nyeupe, bibi harusi mkononi, akamfungulia binti mlango, akazunguka upande wa dereva. Mwanakombo hakushuka.

Ndipo Jérôme akavihesabu viti. Uso wake ulibadilika polepole, na Mwanakombo hakukosa hata sehemu moja ya kubadilika kule. Alijaribu kusema kwamba yeye ndiye baba, kwamba alimwahidi binti yake. Mwanakombo akamkumbusha, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba na fundi aliahidiwa safari ya kwanza. Wakwe walikuwa wanatazama. Bwana akarudi nyuma, akaenda kubanana na mashangazi kwenye gari la shemeji yake.

Njiani, Élodie akasema, "Tantine, papa alituambiaka nyumbani ile Ford ya kwanza ni weye uliitengeneza. Kila siku anasemaka."

Nyumbani! Mwanakombo alishika usukani kwa nguvu. Alikuwa amedhani bwana yule amejidanganya hadi akaamini. Kumbe alijua, na aliusema ukweli mezani kwake, kati ya mchuzi na ugali, mahali ambapo haukumpunguzia kitu. Donge lilipanda likawa moto mtupu. Alimwambia binti kwamba amependeza sana, na ilikuwa kweli, akaongeza mwendo.

Mbele ya kanisa umati ulikuwa umejaa, wajomba, wanakwaya, na wale wapenzi wa hotrodi wa siku ya maonyesho, Jérôme kawaalika wote. Wakalizunguka gari, wakapiga magoti, wakauliza mbele hii ni kazi ya nani. Mwanakombo alizima injini. Hakushuka. Macho yote yakamgeukia Jérôme, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, jasho kwenye kola.

Aliutazama umati. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa akimtazama yeye.

"Ni Mwanakombo aliitengeneza," alisema chini chini. "Na ile ya kwanza ni yeye aliijenga. Miye nilishika tochi."

Mwanakombo alifungua mlango, akashuka taratibu, akaweka mtandio sawa.

"Sema tena, papa Élodie," alisema. "Wa kule nyuma hawajasikia."