Betri Haina Cheo

Lori lililonichukua Malaba liliniacha Bugembe, mji nisioujua, kwa sababu dereva alikuwa na mke hapo na mimi sikuwa na mtu popote. Mvua ikanisukuma hadi kwenye duka la fundi redio. Ndivyo nilivyomfahamu Wanzala, sajini wa mawasiliano hadi jeshi lilipopunguza watu.

Mezani kulikuwa na redio ya mkononi ya walinzi aliyoibuni mwenyewe: vijisanduku vinne vya kupachikana, vya sauti, vitufe, antena na betri. Kila kimoja kilikuwa na chipu yake, na vyote viliwasiliana kwa waya mmoja. Kikiharibika kimoja, unachomoa hicho tu. Na kwa kuwa kwenye waya mmoja wawili hawawezi kusema pamoja, Wanzala alivigawia vyeo. Sauti ilikuwa meja. Betri ilikuwa kuruti.

"Betri ndiyo inajua chaji inaisha," alisema mkewe, Nabirye, aliyelehemu kila kiungo. "Wewe umeifunga mdomo."

"Kuruti hasemi afande akisema."

"Ndiyo maana walikurudisha nyumbani."

Walinilaza dukani, na asubuhi alikuja Umaru, kapteni mstaafu mwenye kampuni ya ulinzi Mbale. Akiipenda redio, Wanzala angetengeneza arobaini na kupewa karakana. Asipoipenda, kazi iliyobaki ilikuwa kusimama na rungu kwenye geti la mtu.

Umaru alimtuma dereva wake ng'ambo ya barabara na redio ya pili, akaanza kuongea kwenye ile ya mezani. Aliongea juu ya nidhamu. Dakika ya kumi na mbili dereva akarudi.

"Afande, umenyamaza zamani."

"Mimi? Sijanyamaza."

Wanzala alikiri, macho chini, kwamba betri ilikuwa ikingoja zamu yake ya kusema imechoka.

Umaru aliigeuza redio mkononi. "Kwa hiyo imekufa bila kunikatiza?"

"Ndiyo, afande."

"Walinzi wangu hawana adabu hiyo. Ingia gari. Tengeneza zote hivi hivi."

Nabirye alimtilia mumewe karatasi mfukoni: mpangilio mpya, betri mbele. "Mwambie kabla ya Mbale. Mlinzi ataita msaada, na hakuna atakayemsikia."

"Nitamwambia."

Mimi na Nabirye tulibaki barazani. Kupitia kioo cha nyuma cha gari tuliona mkono wa Umaru ukipanda na kushuka kwa maneno, na pembeni yake Wanzala, karatasi mkononi, akingoja amalize.