Kiboko Aliyesimama Tena

Haya yalinipata mwenyewe mjini Homa Bay, miaka ya tisini, mchana kweupe. Ukitaka kucheka, cheka. Nami nilicheka kwanza.

Nilikuwa nakusanya filamu za zamani za wanyama, zile za mikanda: gari linakwama mtoni, simba ananusa hema, msimulizi anaongea kama anayetangaza vita. Rangi zilikuwa zimegeuka waridi. Nilizipenda hivyo hivyo. Nani hangependa kuliona ziwa letu kabla halijavamiwa na magugu?

Mkanda niliouthamini kuliko yote ulikuwa wa kiboko jike. Anatoka majini, mwindaji anampiga risasi, anaanguka. Sikujua nakala nyingine popote. Nilikuwa nautazama katika stoo niliyokodi, madirisha nimeyaziba kwa magunia, nilipogeuka nikaona bibi kizee ameketi nyuma yangu. Mlango nilikuwa nimeutia komeo. Nguo zake zilichuruzika maji na nje, niamini, jua lilikuwa kali.

"Nyathina," aliniita, yaani mwanangu, "unawapenda wanyama?"

"Sana, dani." Ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Unawapenda, na huyu unamuua kila siku?"

"Ni filamu tu."

"Filamu tu! Mbona akianguka unageuza uso?"

Ilikuwa kweli.

"Huyo ni mama yangu. Mrudishe."

Nikacheka, nikaurudisha mkanda nyuma. Moshi ukarudi bundukini, kiboko akainuka, akaingia majini kinyumenyume. Bibi akapiga makofi kama mtoto.

"Sasa simamisha hapo."

Mkanda ukisimama mbele ya taa ya projekta kuukuu kama yangu, huungua. Nilimweleza. Alinitazama tu, macho yamejaa machozi. Nikausimamisha. Doa la kahawia likatokea pichani, likapanuka, harufu ya kuungua ikajaa stoo. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Sakafuni palikuwa na nyayo pana zenye maji, vidole vinne vinne, zikielekea ukuta wa upande wa ziwa.

Niliukata ule upana wa kidole ulioungua, nikauunga mkanda. Tangu siku hiyo mwindaji hulenga, hufyatua, na mbele yake ni maji matupu. Wakusanyaji wenzangu wa Migori hunilaumu: "Omera, ndugu yetu, umekata sehemu tamu!" Sikuikata; nilikata upana wa kidole tu.

Basi wewe unayezipenda filamu hizi kama mimi, zipanguse vumbi, zihifadhi, zitazame. Lakini mnyama akianguka, usirudie kwa kujifurahisha. Na ukisikia maji yakidondoka nyuma yako, na mlango umeufunga, usibishane. Rudisha mkanda.