Sauti ya Mama Mwenye Nyumba Imesikika Shimoni, na Mtambo Ni Wangu

Admin, nifichie jina, na tafadhali usiweke hata herufi yake ya kwanza. Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kambarage, Shinyanga mjini. Ni karani wa ofisi ya umma kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Runzewe. Nimepanga chumba kwa mjane ninayemwita hapa Mama Shija. Anapika wali na kuupeleka kwa wachimbaji. Tangu haya yatokee sijalia. Naenda kazini, nagonga mihuri, narudi.

Tangu shuleni napenda kuunda mitambo midogo ya kurusha matangazo ya FM. Sina leseni, kwa hiyo sikumwambia mtu. Antena iliyo juu ya bati nilimwambia Mama Shija kuwa ni ya televisheni. Mwaka huu nikafanikiwa kuunda enkoda ya stereo, sakiti inayowezesha sauti ya kushoto na ya kulia zisafiri pamoja bila kuchanganyika. Ili kuijaribu, nilimrekodi mama huyu kwa siri akiimba Kisukuma huku anapepeta mchele. Wimbo kushoto, ungo kulia. Taa ya stereo ilipowaka kwenye redio yangu nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikaacha wimbo ule ujirudie mchana kutwa nikiwa kazini, nione kama mtambo utahimili.

Kosa langu ni hili. Niliongeza nguvu ya mtambo bila kuweka chujio mwishoni. Mtambo wa namna hiyo hautoi wimbi moja tu, unatoa na lingine la masafa maradufu, na hilo linaweza kuingia kwenye redio za upepo za mkononi, zile wachimbaji wanazotumia kuzungumza na mwenzao aliye shimoni. Nilijua. Nilijiambia nitaweka chujio nikipata nafasi.

Mwanzoni ulikuwa utani. Jioni moja vijana wa machimboni walipita nyumbani, wakamsalimu Mama Shija kwa jina tunalomwita wote, mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu! Leo umetuimbia mpaka chini ya duara, shimoni kabisa. Kesho pitisha na sadaka basi!"

"Marahaba. Nyie gongo itawaua," akajibu, akacheka.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilielewa palepale. Sikuzima. Nilitaka kwanza kupima joto la mtambo kwa siku moja zaidi.

Kesho yake mchimbaji mmoja alikuwa anavutwa juu kwa winchi, mguu ukanasa kwenye magogo ya duara. Akapiga kelele kwenye redio: simama! Mwenye winchi anasema hakusikia simama. Alisikia Mama Shija anaimba. Akaendelea kuvuta. Kijana yule yuko hospitali, mguu umekatwa.

Siku hiyohiyo nikazima mtambo na kuushusha. Siku hiyohiyo pia wachimbaji walimkataza Mama Shija kukanyaga machimboni, wakidai amewaroga. Kwa hiyo sauti ilikoma siku aliyofukuzwa. Nimewaondolea shaka yote. Mwenye winchi anarudia kila mahali, "Tumemfukuza, redio zimetulia. Mnataka ushahidi gani tena?"

Wanawake waliokuwa wakichota maji kwetu hawaji. Usiku mmoja mlango wake ulipigwa mawe. Sungusungu wameitisha mkutano Jumamosi hii, na ninyi mnaoishi kwetu mnajua mwanamke mzee akishaitwa mchawi yanaweza kuishia wapi.

Jana nilimkuta amekaa jikoni, moto haujawashwa. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe umesoma. Mtu anaweza kuroga bila yeye mwenyewe kujua?"

Nilikuwa na jibu. Nikasema, "Sijui, mayu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa majibu mabaya na daktari. Akasema basi hataimba tena, hata kanisani.

Nimemshauri aende kwa bintiye Mwadui. Amekataa, anasema akikimbia atakuwa amekiri. Nikienda polisi, nitashtakiwa kwa kurusha matangazo bila leseni na kazi itakwenda, na mimi ndiye ninayesomesha wadogo zangu. Nikisimama mkutanoni nikaeleza masafa na chujio, watasema karani amenunuliwa. Njia pekee ninayoiona ni kuupandisha tena mtambo, niuwashe mbele yao, Mama Shija akiwa amefunga mdomo na sauti yake ikitoka kwenye redio zao. Lakini mkono unaoshika fimbo unasubiri maelezo? Je, wakisikia sauti ile tu wakamrukia kabla sijafungua kinywa? Au wakanirukia mimi, maana mguu wa mwenzao ni mimi niliyeukata?

Leo ni Alhamisi. Ninapoandika haya namsikia ukutani anakohoa, haimbi. Wakubwa zangu, ndugu zangu, msinitukane kwanza, nitukaneni baada ya Jumamosi. Niambieni: niuwashe, au nifanyeje ili huyu mama abaki hai?