Nilivyoagwa Kwenda Kanada Nikaishia Mashimoni

Aibu niliyoipata mwaka ule, hata leo nikiikumbuka natazama kwanza nyuma yangu nione nani anasikia, lakini kwa kuwa ni nyinyi, na wengine wenu mmeshasikia nusu yake kutoka kwa watu wa Kawangware (ambao huongeza chumvi bila kuonja), acheni niseme yote mwenyewe nimalize.

Wakati huo nilikuwa fundi wa mbao Kawangware, natengeneza vitanda na viti mbele ya ploti ya Mzee Njoroge, ambaye ndiye alikuwa landilodi wangu. Mke wangu Mwikali, ambaye ni nesi, alikuwa ametangulia Kanada kufanya kazi hospitalini, na alipotulia huko akaiambia serikali yao kwamba ana mume nyumbani na anataka kumdhamini aende akae naye moja kwa moja. Mnasikia vizuri: yeye ndiye anayenidhamini mimi. Siku hizi watu hawashtuki, lakini miaka ile ya sabini, mwanamume mzima kutoka Machakos kuvutwa ng'ambo na mkewe kama mkokoteni, hiyo ilikuwa hadithi ya kuchekesha watu hata matangani. Na mambo yenyewe hayakuwa na mwisho. Ubalozini wanataka cheti cha ndoa, unapeleka, wanataka picha za harusi, unapeleka (zilikuwa mbili tu, na katika moja nimefumba macho), wanataka cheti cha polisi, wanataka hata barua alizokuandikia mkeo wazisome waone kama kweli mnapendana, na mimi niko pale kwenye benchi nawaza yule mzungu anayezisoma amefika mahali ambapo Mwikali ananiuliza kama nimeshatia kiraka ile suruali yangu ya kahawia.

Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, na kila jioni majirani wananizunguka pale ninapopiga randa. "Fundi, bado? Ama nesi amepata daktari?" Siku moja nimechoka, jua linanichoma kisogo, nimetoka kujigonga kidole kwa nyundo, nikamjibu mmoja wao, "Mwisho wa mwezi naruka."

Ni maneno hayo tu. Wala hayakuwa uongo kabisa, kwa sababu nilikuwa nimeitwa kwa daktari wa ubalozi kupimwa, na pale kwenye benchi kila mtu alikuwa akisema ukishapimwa umemaliza. Ilikuwa kweli ambayo bado haijaiva, basi.

Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imefika kanisani. Mama Wanjiku, mke wa Mzee Njoroge, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa akina mama wa kanisa letu, akaja na furaha yake akanishika mikono yote miwili, "Mungu si Athumani, fundi! Tutakuaga kama mtoto wetu." Wakapanga siku. Wakachagua kuku. Akina mama wakaninunulia shati la maua, bluu na manjano, la kuniwezesha kushuka Kanada nikiwa mtu. Chumba changu kikapata mpangaji mwingine, randa na msumeno nikampa fundi mwenzangu (niliona ndege haitakubali), na kitanda nikakiacha hapo hapo kwa mpangaji mpya.

Basi nikaenda kwa daktari, nikapigwa picha ya kifua, naye akaitazama sana, akaitazama tena kwenye mwanga wa dirisha. Akasema kuna kivuli hajakielewa, huenda ni kovu la homa ya zamani, lakini ni lazima tungoje miezi kadhaa nipigwe tena ndipo faili yangu isonge. Nilirudi kwa miguu. Njia nzima najiambia nikifika tu nawaambia, nawaambia, na nilipofika nikakuta kuku wameshachinjwa na mchungaji ameketi kwenye kiti nilichotengeneza mwenyewe, na wanakwaya wanajaribu sauti. Nikaketi, nikala.

Nilidhani wataniombea waniache hapo hapo. Lakini mzee mmoja wa kanisa alikuwa na pikapu, wakasema hawawezi kumwacha mtoto wao aende uwanja wa ndege peke yake kama yatima. Wakajaa humo nyuma na sanduku langu, wanaimba mpaka Embakasi! Pale nikawakumbatia mmoja mmoja, Mama Wanjiku akalia, nami nikalia (kilio changu ndicho kilikuwa cha kweli kuliko vyote), nikaingia ndani na sanduku langu kama abiria. Nikajificha nyuma ya nguzo. Kutoka pale niliwaona wamepanda kule juu kwenye roshani watu wanapopungia, ndege moja ikaondoka, nafikiri ilikuwa inaenda Bombei, kule India, nao wakaipungia vitambaa mpaka ikawa nukta. Waliposhuka na kuondoka ndipo nikatoka, nikamfuata binamu yangu Kioko, aliyekuwa akikaa Mashimoni, kule Kibera.

Kioko alicheka mpaka akaketi chini. Mkewe, Nduku, hakucheka, aliniongezea blanketi tu akasema, "Shemeji, kesho asubuhi uende ukawaambie." Nikasema nitaenda. Sikwenda. Nilijiambia miezi si mingi, nitapigwa picha ya pili, nitapewa viza, niondoke kweli, na hakuna mtu Kawangware atakayejua. Mchana nilikuwa nakaa ndani, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia Nduku kubeba maji.

Sasa siku moja tuko kwenye foleni ya maji, mimi nimebeba debe begani, Nduku yuko kando yangu na lake, nimevaa lile shati la maua kwa sababu lile lingine lilikuwa limeanikwa, nikasikia nyuma yangu mtu amevuta pumzi kama aliyemwagiwa maji baridi. Ni Mama Wanjiku, amekuja kumtazama mgonjwa wa kanisa letu.

"Musyoka? Si wewe uko Kanada?"

Hapo ndugu zangu, hata shetani angeniacha nijibu vizuri. Lakini ulimi ulitangulia. "Mimi si Musyoka, mama. Mimi ni ndugu yake."

Akanitazama usoni, akatazama shati, akalishika ukosi. "Na hili shati ni la ndugu yako pia?" Halafu akamtazama Nduku, na debe lake, na jinsi tulivyosimama, akatikisa kichwa, akaenda zake bila kuaga.

Nilijua ataenda kusema, lakini sikujua atasema nini. Alisema kwamba Musyoka hakwenda popote, ameoa mwanamke mwingine Kibera, wanateka maji pamoja mchana kweupe. Habari ikapanda hadi Machakos kwa mama mkwe wangu, mama mkwe akatafuta mtu wa kumwandikia, ikavuka bahari ikamfikia Mwikali. Na kabla ya hayo ubalozi ulikuwa umeniandikia nirudi kwa daktari, kwa sanduku la posta la Mzee Njoroge, naye kwa kuwa barua ilifika kabla ya mkewe kwenda Mashimoni, na yeye ni mtu mwaminifu sana, akaandika juu ya bahasha, "Mwenyewe amehamia Kanada," akairudisha.

Mimi sijui lolote. Naona kimya kimezidi, nikaenda mwenyewe ubalozini. Siku hiyo benchi zilikuwa zimejaa. Yule mama mzungu akafungua faili yangu, akasema kitu, na karani, Mwafrika mwenzetu, akasimama kwenye kaunta akanitafsiria kwa sauti ya mnada: "Anauliza hivi: karatasi hii inasema wewe unaishi Kanada. Hii nyingine, ya mke wako, inasema unaishi Kibera na bibi mwingine, na yeye anataka kuondoa udhamini. Sasa anauliza, huyu amesimama hapa ni nani?"

Benchi zote zililipuka. Kuna mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Hata yule mzungu alikuwa anauma mdomo. Nikasema, "Ni mimi," na haikutosha. Waliniambia faili itangoje kidogo, nilete watu wanaonijua waeleze, na mke wangu aseme mwenyewe kama bado ananitaka.

Nilikwenda posta kuu kumpigia simu. Sauti yake ilikuja kutoka mbali sana, imekauka.

"Mwikali, huyo ni Nduku, mke wa Kioko. Kioko mwenyewe umuulize."

"Najua," akasema. "Kioko ameshaniandikia. Nilimuuliza mwenyewe, nikamwambia asikwambie."

"Basi mbona..."

"Musyoka, mimi nimechoka. Natoka zamu naingia zamu. Nimekaa mbele ya watu wasionijua nikaapa kwamba huyu ni mume wangu, akija nitamlisha, nitamvika, akikosa ni juu yangu. Sikuona haya. Na wewe umeona haya kuwaambia watu wa Kawangware ngoja kidogo."

Simu inakula shilingi zangu, nami nimeishikilia tu. Mwishowe akasema, "Nenda ukawaambie. Ukishawaambia, nami nitawaambia hawa waendelee."

Jumapili nikaenda. Mchungaji aliniita mbele, nikasema yote, kivuli cha kifuani, nguzo ya Embakasi, ndege ya Bombei waliyoipungia. Mama Wanjiku akasimama kwenye safu ya mbele, akauliza kwa upole kabisa, "Na yule ndugu yako wa Mashimoni, hajambo?" Kanisa lilianguka kwa kicheko. Hata mchungaji aligeukia ukutani. Lakini kesho yake yeye na Mzee Njoroge walivaa nguo zao za Jumapili wakanifuata ubalozini, wakaapa kwamba mimi ni mmoja tu.

Picha ya pili ilitoka safi, na viza ikaja baadaye, wakati nilipokuwa nimeacha kuingojea. Asubuhi ya kuondoka nilipita kumuaga Mzee Njoroge. Hakuna kuku, hakuna kwaya. Alikuwa anapiga mswaki mlangoni, akanitazama na sanduku langu, akatema povu, akasema, "Haya, fundi. Ukirudi jioni ubishe kwa nguvu, sisi hulala mapema."

Mwikali alinipokea uwanja wa ndege kule Kanada amevaa koti zito, amekonda. Hakunikumbatia mara moja. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku, halafu akachukua sanduku upande mmoja nami upande mwingine, akasema, "Twende, nina zamu."

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza nasafiri lini, namwambia utasikia nimefika. Na hata nikishafika, wa kuwaandikia watu ni Mwikali.